Ripoti ya Saa Kumi na Moja

Mzee Mizani hakumwamini mtu yeyote aliyesema "kilo moja kamili" mpaka aione ikipimwa mbele ya macho yake. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka thelathini na miwili alizunguka madukani na kwenye maghala na kisanduku cha mbao chenye mawe ya shaba ya kupimia, akakagua mizani za watu. Alipotokea tu pembeni mwa barabara, vidole vilivyokuwa vikibonyeza sahani ya mizani kwa siri vilirudi mfukoni upesi. Wafanyabiashara wakamwita Mizani kwa hasira, wakazoea, na jina alilopewa na wazazi wake likafa kifo cha kawaida.

Mkewe naye alikuwa na jina, lakini nani alilitumia? Alikuwa Sista. Sista wodini, Sista chuoni alikofundisha uuguzi, Sista sokoni, Sista nyumbani. Hata siku Mizani alipomwomba waoane, alianza kwa kusema, "Samahani, Sista." Yeye akajibu, "Sema haraka, niko zamu."

Sasa Mizani alikuwa na miaka sabini na sita, na mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha tangu kiharusi kimwangushe mlangoni akifunga kamba za viatu. Mkono na mguu wa kulia vilikufa. Maneno nayo yaliondoka, na huyu alikuwa mtu wa maneno, msimwone hivi. Yaliondoka yote kama wageni waliosikia chakula kimekwisha, likabaki moja tu: "Sawa." Ukimuuliza amekula, sawa. Ukimkanyaga kidole, sawa. Daktari alieleza kwamba hutokea, ubongo ukaharibika ukabakiza neno moja kama sarafu iliyosahauliwa kwenye koti. Mizani alisikia yote, alielewa yote, na akili yake ilikuwa kali kama zamani. Ila alijiuliza kila siku kwa nini, katika maneno yote ya dunia, abakiziwe hilo. Tusi moja zuri lingemfaa zaidi.

Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, chini ya dirisha linaloangalia barabara. Mbele yake kulikuwa na meza, juu ya meza kopo la majani ya chai, na ubavuni mwa kopo ndipo simu iliposimamishwa kila siku ifikapo saa kumi na moja jioni. Ukutani ilining'inia picha ya darasa, wasichana ishirini na wanane waliovaa kofia nyeupe, na Sista katikati yao amekaza uso. Chini ya nyuso za wasichana ishirini na watatu kulikuwa na nukta ndogo ya penseli. Kila mwanafunzi wake aliposafiri kwenda kufanya kazi ng'ambo, Sista alipanda kwenye kiti akaweka nukta.

Na barua za sifa aliziandika yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Mawakala walikuja chuoni na vipeperushi vya nchi ya baridi ambako watu huishi miaka mingi na watoto huzaliwa wachache, nchi iliyojaa wazee na haina wa kuwaogesha. Hapa nyumbani wasichana walikuwa wamekaa na vyeti vyao kabatini, maana ajira hakuna. Ajira hakuna, na wodini muuguzi mmoja anahudumia vitanda arobaini. Hesabu hiyo Mizani aliipima kila upande na haikukaa sawa. Sista alisema hawezi kumfungia mtoto wa mwenzie mlango. Kisha ilipofika zamu ya mtoto wake mwenyewe, angeufungaje?

Mtoto alikuwa huyo mmoja tu. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, kiumbe kidogo cha kutia huruma, na baba yake alipomweka kiganjani alisema, "Huyu ni robo." Alitaka kuchekesha ili asilie. Jina likaganda. Robo alikuwa na miaka arobaini na minne sasa, mwanamke mwenye mabega mapana, naye alikuwa nukta ya kumi na saba. Miaka tisa alikuwa huko ng'ambo kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ghorofa ya tatu. Mmoja wa wazee wake alipooza upande uleule wa kulia. Robo alimwogesha kila siku. Mizani hakumwonea wivu, au alijiambia hivyo.

Sasa, kuhusu ripoti.

Chuoni kwa Sista kulikuwa na sheria moja iliyopita sheria zote. Muuguzi haondoki zamu kwa sababu saa imefika. Anaondoka akishasimama kando ya kitanda cha mgonjwa, akamtolea ripoti anayeingia, na anayeingia akasema kwa sauti, "Nimepokea." Kabla ya neno hilo hukai, huli, huvui saa ya kifuani. Mwanafunzi mmoja aliwahi kusimama mpaka kiza kikaingia kwa sababu mwenzake alichelewa, na Sista alimsifu mbele ya darasa zima. Mwanafunzi huyo aliitwa Kengele kwa kicheko chake. Alikuwa wa darasa la zamani, kabla ya mawakala na nukta, na siku hizi, akiwa amestaafu, alikuja kila Jumamosi kumsaidia Sista kufua mashuka.

Basi kila jioni Sista alisimama wima kando ya kitanda, saa yake ya kifuani imebanwa kwenye gauni, daftari mkononi, akamtolea mwanawe ripoti.

"Mgonjwa, mwanamume, miaka sabini na sita. Amekunywa uji vikombe viwili. Mkojo wa kutosha. Ngozi safi, hakuna vidonda vya kulalia. Presha mia na thelathini na nane kwa themanini na nne. Amegeuzwa kila baada ya saa mbili. Hali ni ya kuridhisha."

"Nimepokea, Mama," alisema Robo kwenye kioo, akiwa tayari amevaa sare, maana huko zamu yake ilikuwa inaanza. "Baba, sema neno niende kazini."

"Sawa," alisema Mizani.

Robo alicheka, akatuma busu, kioo kikazima. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote za siku, wala sitaki mtu aseme vinginevyo. Lakini sikilizeni kasoro yake. Robo alisema amepokea, na hakupokea kitu. Angepokeaje mtu aliye mbali vile? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sista alifunga daftari, na zamu ikabaki mikononi mwake ileile, jana, leo na kesho. Tena ripoti ya muuguzi ina mgonjwa ndani yake. Haina muuguzi. Katika miaka mitatu hakuna siku Sista alisema, "Na mimi je," wala Robo, aliyefundwa na mama huyohuyo, hakuwahi kufikiri kuuliza. Anayetoa ripoti haripotiwi.

Aliyeona alikuwa Mizani. Mtu aliyetumia maisha yake kutambua gramu hamsini zilizopunjwa hashindwi kumwona mke wake anavyoelemewa.

Kwanza aliona ndoo. Zamani Sista aliibeba kutoka jikoni kwa pumzi moja. Ikawa pumzi mbili. Ikawa anaiweka chini katikati ya njia, mkono ukutani, akijifanya anaitazama picha ya darasa. Kisha aliona viatu, kwamba ameacha kuvaa vya kufunga, sasa ni ndara tu. Kisha mito. Alikuwa akilala kwenye kitanda kidogo pale sebuleni, akaanza kulala ameegemea mito mitatu, na mwishowe akahamia kwenye kiti. Alisema mgongo unamsumbua.

Asubuhi moja Sista alidhani mumewe amesinzia. Alikaa, akakunja gauni mpaka gotini, akabonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa mguu, akakiondoa, akatazama saa ya kifuani. Pale alipobonyeza palibaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Midomo yake ilihesabu. Mizani alihesabu pamoja naye. Shimo lilichukua sekunde kumi na tano kujaa. Sista akashusha gauni, akavuta soksi juu, akaandika kitu pembeni mwa daftari, akaenda kuchemsha maji.

Mizani alijua ile ni nini. Miaka mingi nyuma, mezani hapohapo, alimsikia mkewe akimfundisha Robo kabla ya mtihani: bonyeza, hesabu, tazama shimo linavyorudi. Likichelewa, moyo umechoka kusukuma. Usimwache mtu huyo abebe hata kikombe.

"Sawa," alimwita kwa ukali. "Sawa! Sawa!"

"Nakuja, mume wangu. Maji bado hayajapata moto."

Alilia siku ile. Sista alimpangusa machozi akaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa ana huzuni kidogo.

Tangu hapo Mizani alikuwa na shughuli moja tu duniani, kumwambia Robo. Mtoto akijua, atakuja. Ana likizo moja kila baada ya miaka miwili, wiki mbili kamili, na hajaigusa. Akizidisha siku hata moja, kibali cha kukaa kule kinakwenda na maji, na dawa za baba yake zinategemea kibali hicho. Ndiyo maana mama na binti walikubaliana kuiweka likizo kwa ajili ya siku yenyewe. Hawakuwahi kuitaja siku yenyewe ni ipi. Wote watatu walijua ni siku ya kufa kwa Mizani, na hata yeye aliona ni mpango mzuri.

Jaribio la kwanza alilifanya kwa mkono wa kushoto. Katikati ya ripoti aliuinua, akaelekeza kidole chini, kwenye miguu ya Sista. Lakini simu ilikuwa imeegemea kopo, ikimtazama yeye peke yake.

"Baba anaonyesha nini?" Robo aliuliza. "Miguu? Baba, miguu inauma?"

"Sawa!" alisema Mizani kwa nguvu, akitikisa kichwa kukataa.

"Itakuwa ganzi," alisema Sista.

"Mkande kwa mafuta ya moto, Mama. Asubuhi na jioni."

"Nitamkanda."

Akamkanda. Wiki nzima alipiga magoti sakafuni asubuhi na jioni akamkanda miguu isiyouma, na kila aliponyanyuka alishika ukingo wa kitanda akahema kama aliyepanda mlima. Mizani alijilaani kwa lugha zote alizokuwa nazo kichwani.

Katika wiki hiyohiyo ikafika siku ya uhakiki. Kila mwaka mstaafu lazima ajionyeshe kwenye ofisi ya pensheni kwamba bado yu hai, la sivyo malipo yanasimama. Hawatumi mtu nyumbani, maana vijana wa ofisini walikwishapunguzwa, na aliyebaki kaunta ni bwana mwenye mvi aliyeongezewa mkataba mara tatu. Sista na dereva wa teksi walimpakia Mizani kama gunia la heshima. Bwana yule akatoka nje na fomu, akainama dirishani.

"Mzee, u hai?"

"Sawa," alisema Mizani.

"Haya, mzee yu hai," akaandika, akagonga muhuri juu ya paa la teksi, wakacheka yeye, dereva na Sista. Sista alikuwa amesimama juani, midomo ikiwa na rangi ya zambarau. Mizani alimtazama bwana wa fomu. Tazama kulia kwako, alimwambia kimoyomoyo. Huyo ndiye wa kuhakikiwa. Lakini serikali haikuwa na fomu ya anayemtunza mzee. Bwana akaondoka na kalamu yake sikioni.

Ndipo likamjia jaribio la pili, na hili aliliona la maana. Kama neno lake pekee ni la uongo, basi asiliseme. Kunyamaza ndiyo "hapana" yake ya mwisho.

Jioni ile ripoti ilisomwa, Robo akapokea, akasema, "Baba, sema neno niende kazini."

Mizani akafunga mdomo.

"Baba?"

Akamkazia macho. Mwanangu, fikiri. Nimewahi kukunyima neno?

"Mama, Baba hasemi."

"Amechoka tu na safari ya ofisini."

Siku ya pili akanyamaza. Siku ya tatu akanyamaza. Robo alipiga tena baada ya saa moja, na kule nyuma yake mtu alisikika akimwita, mzee fulani mwenye sauti ya mtoto.

"Mama, huu si uchovu. Amepoteza hata lile neno. Inaweza kuwa kiharusi kingine. Naomba likizo leo hiihii."

Moyo wa Mizani ulirukaruka kama mwanambuzi. Njoo, alisema ndani yake. Njoo kwa sababu isiyo sahihi, lakini njoo.

Sista aliweka daftari chini. Akampima mumewe presha, akahesabu mapigo, akamulika macho kwa tochi, akamwambia abane kidole chake. Mizani alibana.

"Nguvu zilezile," Sista aliiambia simu. "Mboni ziko sawa. Usije."

"Mama, mimi nimeona wangapi huku wanaanza hivihivi?"

"Na mimi nimekufundisha wewe. Ukiitumia sasa, siku yenyewe ikifika utaniambia nini? Utamtazama baba yako akizikwa kwenye kioo? Kaa na likizo yako. Mimi nitaongeza uangalizi."

Kisha sauti ya Robo, ndogo, ya yule mtoto wa kiganjani: "Nimepokea, Mama."

Na Sista hakuwa mtu wa kusema asitende. Akaongeza uangalizi. Aliyekuwa akigeuzwa kila baada ya saa mbili, sasa ni kila saa. Presha mara sita kwa siku. Kengele alipokuja Jumamosi alimkuta amejishika kiunoni.

"Sista, kaa basi. Mganga hajigangi, lakini hata kukaa?"

"Nitakaa akisema."

Maneno hayo yalimchoma Mizani kama kisu. Alitaka kumpunguzia mzigo, kumbe ndiye aliyekuwa akiongeza mawe kwenye sahani. Jioni ileile, Robo alipoomba neno, akalitoa. "Sawa." Robo akalia kwa furaha. Sista akageukia dirishani ili asionekane, akajipangusa kwa kitambaa, akaandika: hali ni ya kuridhisha.

Alikuwa amechelewa.

Jumatano asubuhi Sista alileta beseni la maji. Alitumbukiza kiwiko kama alivyofundisha wengine wote, maana kiganja kilichozoea moto hakiaminiki. Alianza na uso, macho kwanza, kutoka puani kwenda nje. Kabla ya kila kiungo alimwambia anachokwenda kufanya, kwa sababu mgonjwa si sahani. "Sasa naosha shingo, Mizani. Sasa mkono." Alipofika kwenye mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai, alisimama.

"Ngoja nikae kidogo," alisema.

Akakaa kwenye kiti, mkono wa mumewe bado uko ndani ya wake, kitambaa chenye povu katikati. Akaegemeza kichwa nyuma. Alivuta pumzi, akavuta nyingine, akamtazama Mizani kwa uso wa mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Kisha mkono wake ukawa mzito. Mizani aliujua uzito ule papo hapo, hakuhitaji jiwe la shaba.

"Sawa," alinong'ona. Halafu kwa sauti: "Sawa! Sawa!"

Dirisha lilikuwa wazi. Muuza maziwa alikuwa akipita na baiskeli yake, kijana wa watu mwenye adabu. Akainua mkono.

"Sawa sawa, mzee wangu! Asubuhi njema!" Akapita.

Mizani aliita. Mama mwenye kikapu naye akaitikia. Wanafunzi wawili wakacheka, wakasema "sawa, babu." Aliita mpaka sauti ikakauka, na barabara nzima ikamjibu kwa wema. Mwishowe aliuchomoa mkono wake kutoka kwenye ule mkono, jambo ambalo hatajisamehe, akalifikia beseni, akalisukuma mpaka likaanguka. Maji ya sabuni yalipita chini ya mlango, yakashuka ngazi, yakafika kwa jirani anayefua. Jirani akapanda akitaka kugomba. Maji yalikuwa yameshapoa.

Robo alifika Ijumaa. Alikuja na likizo yake, wiki mbili kamili. Siku mbili zilikwisha njiani, na mbili za kurudi zilikuwa zinangoja.

Watu walikuja, wakaketi, wakasema maneno ambayo watu husema. Mtu mmoja, shemeji wa mbali, alisema mbele ya kitanda kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ni ya kweli, lakini si kila kweli ni ya kusemwa msibani. Sista hakuficha. Nani alimuuliza?

Walipomzika, Mizani alibaki kitandani na jirani. Robo aliporudi alikuwa na ile saa ya kifuani kwenye ngumi. Hakuwa amelia bado. Alimwogesha baba yake, macho kwanza, akimwambia kila kiungo, na maji aliyapima kwa kiwiko. Mizani alifumba macho. Ilikuwa mikono ileile, namna ileile, hata ile tabia ya kukamua kitambaa mara tatu. Mzee wa ghorofa ya tatu alikuwa akipata hii kila siku.

Baadaye Robo alikaa kwenye kiti cha mama yake akafungua daftari. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Ghafla akaacha kufunua.

"Hizi namba ni za nini?" alisema. Pembeni mwa kila ukurasa kuanzia hapo, kwa penseli nyembamba, bila jina: 15. 15. 20. 25. Kwenye ukurasa wa mwisho, 40. Alimfunua baba yake shuka, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Mguu mkavu, mwembamba, haukuacha shimo lolote.

Akabaki ameushika. Ndipo alipolia, na alilia vibaya, kilio cha mtu mzima asiyejua pa kukiweka.

"Nilikuwa nauliza mkojo wako," alisema. "Miaka mitatu, Baba, kila siku nimeuliza mkojo wako. Sikumwambia hata siku moja ageuze simu." Akapangusa pua kwa kiganja. "Wewe ulijua? Ile siku ya miguu. Ulikuwa unaniambia?"

Mizani hakutaka kulisema neno lile kwa swali hili, hata kama mara hii lingekuwa la kweli. Alimwekea mwanawe mkono wa kushoto kichwani, akauacha hapo mpaka wote wawili wakatulia.

Siku ya mwisho Kengele alikuja na begi la nguo. Hakukuwa na mtu mwingine. Robo alikuwa amezunguka chuoni, zahanati na kwa mawakala wa wafanyakazi wa nyumbani. Vijana wanaojua kugeuza mgonjwa walikuwa wanasubiri viza, na wasiojua walitaka kujifunza ili nao wasubiri viza. Kengele alikuwa na miaka sitini na sita.

Robo alisimama wima kando ya kitanda. "Mgonjwa, mwanamume, miaka sabini na sita," alianza, na akaimaliza ripoti yote bila kukwama. Halafu akaongeza kitu ambacho hakikuwahi kuwemo. "Na anayepokea je? Presha yake? Miguu yake?"

"Mimi ni chuma cha reli," alisema Kengele, akacheka kile kicheko chake, kikapasuka katikati.

"Dada, sema kweli."

"Mzima kabisa, mwanangu. Nimepokea."

Robo alimbania Kengele saa ya Sista kifuani. Akambusu baba yake paji la uso, akachukua sanduku, akatoka bila kugeuka. Mizani alimwelewa. Angegeuka asingeondoka, na asingeondoka dawa zingetoka wapi?

Jioni ya siku ya tatu tangu aondoke, saa kumi na moja, simu ilisimamishwa kwenye kopo. Robo alikuwa amevaa sare. Kengele alisoma ripoti, na alipofika mwisho Robo akasema, kama walivyokubaliana, "Geuza simu nikuone."

Kengele aliigeuza. Alitabasamu kwenye kioo, kifua mbele, saa inang'aa. "Unaona? Mwari wa juzi!"

"Nimeona. Asante, Dada. Nirudishie Baba."

Alikuwa amesimama vizuri kweli. Lakini Mizani alikuwa pembeni, akitazama mahali ambapo simu haikufika, na aliuona mkono wa kushoto wa Kengele. Ulikuwa umeshika ukuta, chini ya picha ya darasa. Nyonga ilikuwa inamsumbua. Mizani alikuwa ameliona hilo tangu juzi, Kengele akipanda ngazi.

"Baba," alisema Robo. Macho yake yalikuwa yamevimba, na nyuma yake mtu alianza kumwita kwa sauti ya mtoto. "Baba, tafadhali. Sema neno niende kazini."

Mizani alimtazama. Likizo ilikuwa imekwisha, ya pili iko mbali miaka miwili. Akinyamaza, Kengele atamgeuza kila saa. Akinyamaza, mtoto atakwenda kazini na hofu, atamwogesha mzee wa watu akili yake ikiwa huku, na hataweza kufanya lolote. Alimkumbuka Sista akifunga daftari, jioni baada ya jioni, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba mkewe alijua vizuri sana anachokiandika.

"Sawa," alisema.

Robo akapumua. Akatuma busu, na kioo kikazima. Kengele aliachia ukuta taratibu, akachechemea kwenda jikoni kuchemsha maji.